Kuchora Rasi Sounion kwa rangi za maji: mwongozo kamili

Siku Theseus, shujaa wa hadithi za kale za Wagiriki, alipoondoka Athens kwenda Krete, chombo chake kilitwekwa tanga jeusi. Kilibeba wavulana saba na wasichana saba, kodi ambayo Minos, mfalme wa Krete, aliwatoza Waathene, nao walikuwa wanapelekwa kutupwa ndani ya jengo lenye njia za kupotezana wawe chakula cha Minotaur, kiumbe mwenye kichwa cha fahali na mwili wa mtu. Kabla nanga haijang'olewa, baba yake, mzee Aegeus, alimkabidhi tanga la pili, jeupe, akamwambia: ukirudi mzima, tweka hili, nikuone ungali mbali. Theseus alimuua Minotaur, akatoka kwa kufuata uzi aliopewa na Ariadne, binti wa Minos, akashika njia ya nyumbani. Akasahau tanga. Mzee alikuwa juu ya jabali akiitazama bahari. Akaona jeusi likichomoza upeoni, akajitupa. Bahari ile inaitwa kwa jina lake mpaka leo, Bahari ya Aegean.

Sisi wenye Kiswahili hadithi hii inatuingia haraka, maana matanga ya chombo na matanga ya msiba kwetu ni neno moja.

Wako waliosimulia kwamba mzee aliruka kutoka Akropoli, kilima cha katikati ya Athens. Pausanias, msafiri wa karne ya 2, aliandika hivyo. Lakini Akropoli haipo ukingoni mwa maji. Simulizi nyingine humweka Rasi Sounion, ncha ya kusini ya Attica, eneo linaloizunguka Athens, kilomita 70 hivi kutoka Athens, na mimi naona hapo ndipo hadithi inapokaa vizuri: jabali la mita 60 hivi limeangukia baharini, na juu yake nguzo nyeupe za hekalu la Poseidon, mungu wa bahari. Anayetoka Krete kwa tanga huiona rasi hii kabla hajaona mji.

Mwongozo huu ni wa kuichora rasi hiyo kwa rangi za maji, na hadithi ya tanga nimeianza makusudi. Katika rangi za maji weupe hauongezwi mwishoni. Weupe ni karatasi yenyewe, na usipoukumbuka mwanzoni umeupoteza. Mara yangu ya kwanza nilipaka anga lote kwa furaha, likapendeza, kisha nikakuta nguzo hazipo, nilikuwa nimezifunika. Nikajaribu kuzirudisha kwa rangi nyeupe nzito, zikatoka kama chaki juu ya ubao. Tangu siku hiyo naanza na nguzo kabla ya kitu kingine chochote, hata kama rangi yake naipaka karibu na mwisho.

Jambo moja la kukutia moyo kama hujawahi kufika Ugiriki. Mchoraji Mwingereza Turner alilichora hekalu hili kwa rangi za maji mnamo 1834 hivi, na maishani mwake hakukanyaga nchi hiyo. Alitegemea michoro ya waliofika. Mimi pia sijafika. Nachora kwa picha, na kwa kuyasoma mawe.

Lijue jengo kwanza

Hekalu unaloliona leo lilijengwa kati ya miaka ya 444 na 440 hivi K.K., mahali palipokuwa na hekalu la zamani zaidi ambalo Waajemi waliliharibu mwaka 480 K.K. Lilizungukwa na nguzo 34: sita mbele, sita nyuma, na kumi na tatu kila ubavu ukihesabu za pembeni. Zilizobaki zimesimama ni kumi na kadhaa, tena si kwa mpangilio ulio sawa: upande mmoja safu ndefu, upande mwingine chache, na juu ya baadhi yake mawe ya boriti yangali yamelala. Usizikamilishe kichwani. Hesabu zilizo kwenye picha yako na uchore hizo tu.

Vipimo vitakusaidia kuliko hisia. Kila nguzo ina urefu wa mita 6.1, upana wa mita 1 chini na sentimita 79 juu. Maana yake urefu ni mara sita ya upana wa chini, na nguzo inapungua kidogo kuelekea juu. Ukichora nguzo ya sentimita 3, chini iwe na milimita 5, juu milimita 4. Wanaoanza karibu wote huzichora nyembamba kama nguzo za umeme, na hekalu linapoteza uzito wake. Nguzo za Sounion ni jamii ya Doriki: hazina kitako, zinaota moja kwa moja kutoka sakafuni, na juu zina kichwa cha kawaida kisicho na mapambo. Mifereji iliyochongwa kwenye mwili wake ni 16, wakati desturi ya Doriki ilikuwa 20, lakini kwa kimo tunachochora mifereji haionekani. Iache.

Muhimu zaidi kwa mpaka rangi ni jiwe lenyewe. Marumaru ya Sounion ilichimbwa Agrileza, karibu na hapo, na ni nyeupe kuliko ile ya Parthenon, hekalu maarufu lililo juu ya Akropoli. Marumaru ya Parthenon ina chuma ndani yake, na kwa karne nyingi imegeuka rangi ya asali. Ya Sounion imebaki nyeupe. Kwa hiyo ukiona mtu amepaka nguzo za Sounion njano ya asali mchana kweupe, ujue alikuwa anaikumbuka Akropoli.

Picha ya kufuatia

Tafuta picha tatu au nne, zako au zile ambazo wenyewe wameruhusu zitumike, za upande mmoja lakini saa tofauti. Mimi nachagua kutazama kutoka ufuko ulio magharibi, chini ya rasi, alasiri jua likiwa limeshuka. Ukiwa hapo unaangalia juu, jua liko nyuma yako, linazipiga nguzo ana kwa ana, na anga la mashariki nyuma yake lina buluu ya kutosha kuzifanya ziwake. Nguzo ni nyeupe, anga ni jeusi kuliko nguzo. Huo ndio mpango mzima wa mchoro.

Picha nyingi utakazokutana nazo ni za upande wa pili: jua linazama nyuma ya hekalu, nguzo zimekuwa vivuli vyeusi. Ni rahisi zaidi, kwa sababu unapaka anga lote bila kujali na kuweka nguzo nyeusi juu yake. Kama hujawahi kushika brashi, anza na hiyo wiki hii. Lakini nguzo zikiwa nyeusi hadithi inageuka kichwa chini: tanga jeusi halitofautiani na chochote. Mimi nataka hekalu jeupe na tanga jeusi.

Vifaa

Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi na kusema "rangi ya maji" utapewa ndoo ya kupaka ukuta. Unayoitaka ni ya wachoraji, ya tyubu au ya vidonge, ambayo unga wake wa rangi umeshikizwa na utomvu wa mgunga. Kumbuka utomvu huo, kwa sababu ndio unaoeleza tabia yake: ukikauka, maji yanaulegeza tena. Ndiyo maana rangi iliyokauka kwenye sahani inaamka ukiilowesha, na ndiyo maana ukisugua mchoro uliokauka kwa brashi yenye maji unaondoa ulichokipaka jana.

Karatasi ndiyo ya kutumia pesa. Nunua ya gramu 300 kwa mita ya mraba, ya pamba asilimia 100 kama unaweza, yenye mikwaruzo ya kati. Manila ya shule haifai. Inajikunja, inanyonya rangi kabla hujaisambaza, na ukibandua kitu juu yake inachanika. Ni heri karatasi moja nzuri na rangi za bei nafuu kuliko kinyume chake. Kata kipande cha sentimita 28 kwa 38. Kibandike pande zote nne kwenye ubao kwa tepu ya karatasi, ile wanayotumia wapaka rangi za magari.

Rangi sita zinatosha. Majina ya viwanda yanatofautiana, lakini kwenye tyubu kuna msimbo wa unga, nao haubadiliki:

- buluu ya altramarini, PB29
- buluu ya kobalti, PB28. Ni ghali, na ukiikosa zimua altramarini
- buluu ya thalo, PB15. Ni kali, chukua kwa ncha ya brashi
- oka ya njano, PY43 au PY42
- siena iliyochomwa, PBr7
- waridi ya kwinakridoni, PV19

Nyeusi ya tyubu usinunue. Nyeupe pia usinunue, angalau kwa mchoro huu. Ikiwepo mezani utaitegemea.

Brashi: moja bapa ya sentimita 2.5 kwa anga na bahari, ya duara namba 10 au 12 kwa jabali, na ya duara namba 4 yenye ncha nzuri kwa nguzo. Ongeza brashi chakavu ya kupakia gundi ya kukingia, ambayo ni utomvu wa mpira: unaupaka mahali unapotaka pabaki peupe, kisha unaubandua. Vyombo viwili vya maji, kimoja cha kuoshea, kingine kibaki safi. Sahani nyeupe ya udongo inafaa kuchanganyia kuliko paleti nyingi za plastiki, ambazo rangi hujikusanya juu yake kama matone. Tishu, penseli ya 2B, ufutio laini, kipande cha mshumaa mweupe.

Kijichoro cha mwanga na giza

Kwenye karatasi ya kawaida chora kisanduku cha sentimita 8 kwa 11 na uweke sehemu nne tu kwa penseli: nguzo ziache nyeupe kabisa, anga kijivu cha kati, jabali kijivu kizito, bahari ya mbele nzito kuliko zote. Dakika kumi. Ukishindwa kulitambua hekalu kwenye kijichoro hiki, rangi haitakuokoa.

Hapa utagongana na tatizo la ukubwa, nalo linataka uamuzi. Jabali lina mita 60 hivi, nguzo 6.1. Ukifuata uwiano huo kikamilifu, jabali la sentimita 12 kwenye karatasi yako litabeba nguzo za sentimita 1.2, upana milimita 2. Hiyo ni kazi ya sindano. Mimi huzikuza hadi sentimita 2, wakati mwingine 2.5, na jabali nalibakiza. Sioni kama ni udanganyifu: aliyesimama pale macho yake yanakimbilia nguzo na kuziona kubwa kuliko kamera inavyoziona. Lakini usipite hapo. Ukizifikisha sentimita 4 jabali linakuwa kichuguu, na mzee Aegeus ameanguka kutoka kibarazani.

Kuchora kwa penseli

Mstari wa upeo wa bahari uuweke theluthi ya chini ya karatasi, sentimita 9 hivi kutoka chini, na utumie rula. Bahari iliyoinama haisameheki. Jabali lipande kutoka kushoto na kushuka ghafla kuelekea kulia, ili kulia pabaki bahari tupu. Tutapahitaji.

Upeo ndio usawa wa macho yako. Hekalu liko juu yake sana, kwa hiyo mistari yote ya hekalu inayokwenda mbali nawe inashuka kuelekea upeo. Vichwa vya nguzo za mbali vitakuwa chini kidogo kuliko vya karibu, na mapengo kati yake yatazidi kubana. Chora kwanza mistari miwili myepesi, wa vichwa na wa miguu, kisha weka nguzo kati yake. Mstari wa miguu uwe karibu kunyooka, kwa sababu ukingo wa jabali unaificha sakafu.

Chora mapengo pia. Namaanisha kweli: angalia umbo la kipande cha anga kilicho kati ya nguzo mbili, kichore kama kitu chenyewe, na nguzo itajitokeza bila kuilazimisha.

Kuweka weupe

Chovya brashi chakavu kwenye maji ya sabuni kwanza, ili utomvu usigande kwenye nywele zake. Kisha paka gundi ya kukingia ndani ya mistari ya nguzo na mawe ya juu. Kwa kingo kali tumia kijiti cha meno. Nguzo ambazo ziko kivulini usizikinge. Hizo utazipitishia anga na baadaye utazikoleza. Zikiwa zote nyeupe zinafanana na meno.

Jaribu gundi kwanza kwenye kipande kilichobaki cha karatasi hiyohiyo. Kuna karatasi zinazochubuka. Usiikaushe juani wala kwa mashine ya kukaushia nywele, kwa sababu joto huifanya ishike mno. Na usiiache siku kadhaa. Ibandue leo au kesho.

Usipoipata gundi madukani, paka anga kwa kuzunguka nguzo. Ni polepole lakini inawezekana, na kingo zake huwa laini zaidi kuliko za gundi. Mshumaa usiutumie hapa: nta haitoki tena. Tutautumia baharini.

Anga

Anga ni sehemu inayotisha na kupendeza kuliko zote, na inamalizika ndani ya dakika chache, hivyo andaa kila kitu kabla hujalowesha. Kwenye sahani tengeneza vidimbwi vitatu, vikubwa kuliko unavyodhani utahitaji: oka nyepesi sana yenye waridi kidogo, waridi nyepesi yenye kobalti kidogo, na kobalti iliyoongezwa altramarini, hii iwe nzito kama maziwa.

Inamisha ubao kidogo kwa kuweka kitabu chini ya upande wa juu. Lowesha anga lote kwa maji safi, kutoka juu mpaka mstari wa jabali na wa upeo. Subiri. Karatasi iliyojaa maji inameremeta na ina vidimbwi. Hapo rangi itaogelea kusikojulikana. Baada ya muda mmeremeto unatulia na kuwa mng'ao sawasawa, kama uso wa mtu mwenye jasho jepesi. Hapo ndipo.

Anza chini kwa oka na waridi, panda na waridi yenye kobalti, malizia juu kwa buluu nzito, ukiishusha mpaka ipite nyuma ya nguzo bila woga. Zile nguzo zimekingwa. Waridi katikati ina kazi: buluu ikikutana na oka moja kwa moja anga linakuwa kijani, na waridi inazitenganisha. Nyuma ya hekalu hasa, ongeza buluu kidogo zaidi ya inavyoonekana kwenye picha. Rangi za maji zikikauka hupauka, na nguzo zinahitaji giza hilo.

Kisha ondoa mkono. Mng'ao ukianza kufifia huku karatasi ingali baridi ukiigusa, usirudi na brashi yenye maji. Maji mapya husukuma rangi na kuacha doa lenye kingo kama ua. Nani hajafanya hivyo? Unaona sehemu moja imepauka, unasema nigusie tu, na anga limeharibika. Liache.

Neno kwa wa pwani: Tanga, Mombasa au Unguja wakati wa masika, karatasi hukaa imelowa muda mrefu, na mng'ao unakupa nafasi ya kufikiri. Dodoma au Nairobi wakati wa kiangazi inakauka mkononi; lowesha mara mbili, na uzime feni.

Bahari

Anga likikauka kabisa, weka vipande vinne au vitano vidogo vya nta: sugua mshumaa kwa ubapa, mkwaruzo mmoja mmoja, kulia, kwenye mstari ambapo mwanga unaigusa bahari. Hutaona kitu. Rangi ikipita, mng'ao wa maji utajitokeza wenyewe.

Paka bahari kwa mikanda mitatu ya kulala, ya unene tofauti. Wa mbali, chini ya upeo, kobalti nyepesi, mwembamba. Wa kati, altramarini. Wa mbele, altramarini na thalo kwa ncha, iliyovunjwa makali na siena kidogo. Mpana na mzito. Wakati rangi ingali mbichi pitisha waridi kidogo ndani ya ule wa kati. Homer, mshairi wa kale wa Wagiriki, ambaye anaitaja Sounion kuwa rasi takatifu ya Athens, ana msemo wake anaourudia: bahari yenye sura ya divai. Watu wamebishana sana alimaanisha rangi gani. Mimi nilipochanganya altramarini na waridi jioni moja, nikaona ninachotaka kukiona.

Chini ya jabali, maji ya kina kifupi yapake thalo nyepesi yenye oka kidogo. Kidogo tu. Ukiizidisha utakuwa umehamia fukwe za matangazo ya hoteli.

Jabali

Hapa brashi kubwa ya duara na mkono uliolegea. Tengeneza oka, siena, na mchanganyiko wa altramarini na siena unaotoa kijivu. Anza juu kwenye ukingo unaopigwa na jua: oka nyepesi yenye tone la siena. Shuka, na kabla haijakauka dondosha kijivu ndani yake, ziache rangi zikutane kwenye karatasi badala ya kwenye sahani. Mwamba uliochanganywa kikamilifu sahanini hutoka kama ukuta uliopigwa lipu.

Rangi ikiwa imefifia mng'ao lakini haijakauka, chukua kadi ngumu ya plastiki iliyokatwa kona, ukwaruze kwa kusukuma rangi pembeni. Utapata nyuso za mawe zenye mwanga. Mikwaruzo ielekee upande mmoja, wa kushuka, kwa sababu jicho linatakiwa lianguke. Vichaka vya juu ni vifupi na vikavu: altramarini na oka nyingi, kwa brashi karibu kavu, vidoa vichache visivyolingana.

Kivuli cha chini, ambapo jabali linakutana na maji, kiwe giza lakini kibaki na uwazi: altramarini, siena, waridi kidogo. Usikipake mara tatu. Mara moja, nzito, basi.

Nguzo

Kesho yake asubuhi, karatasi ikiwa kavu kabisa, bandua gundi kwa kidole safi, taratibu, kuelekea katikati ya nguzo. Zitatoka nyeupe za kuumiza macho, na kingo kali kama zimekatwa kwa mkasi. Lowesha brashi namba 4, ikamue, na uilainishe kingo ya upande wa kivuli kwa kuipitisha mara moja. Upande wa jua uache mkali.

Sasa kivuli. Kobalti nyepesi yenye tone la siena, theluthi moja ya upana wa kila nguzo, upande ulio mbali na jua. Kabla haijakauka ivute kidogo kuelekea katikati kwa brashi yenye unyevu, ili nguzo iwe mviringo. Chini ya kila kichwa weka mstari mfupi wa kivuli kilekile. Milimita moja hiyo ndiyo inayoliweka jiwe la juu mahali pake. Nguzo za nyuma, zile ambazo hukuzikinga, zikoleze kwa kijivu cha buluu.

Kama mchoro wako ni wa jua la mwisho kabisa, pitisha oka iliyochanganywa na waridi, nyepesi mno, upande wa mwanga wa nguzo mbili au tatu tu. Marumaru hii ni nyeupe, lakini nyeupe hupokea rangi ya saa. Nyingine ziache karatasi.

Kisha simama hatua nne nyuma. Nguzo zikionekana hafifu, karibu kila mara tatizo ni anga. Linaweza kusaidiwa: lowesha eneo dogo kati ya nguzo kwa brashi ya namba 4, dondosha altramarini, ifutie kuelekea nje. Rangi ikiwa imevuja ndani ya nguzo, ilegeze kwa maji safi na uinyonye kwa tishu. Altramarini inatoka kwa kiasi kizuri, thalo haitoki.

Tanga

Kulia, kwenye upeo, pale tulipoacha patupu. Changanya altramarini na siena, nzito, mpaka upate weusi ambao ukiutazama vizuri una buluu ndani. Kwa ncha ya brashi weka chombo: mwili ni kistari cha milimita tatu, tanga ni umbo dogo kuliko punje ya mchele. Usichore kamba, usichore watu. Kiko mbali, Aegeus mwenyewe aliona rangi tu.

Plutarch, mwandishi wa kale wa Kigiriki, anaeleza kwamba mshairi Simonides aliisimulia tofauti: tanga la salama halikuwa jeupe bali jekundu, lililotiwa rangi ya ua la mwaloni. Niliwahi kuchora toleo ambalo Theseus amekumbuka, waridi na siena kidogo pale upeoni, doa moja jekundu chini ya nguzo nyeupe. Rangi ilikuwa nzuri kuliko ya mchoro ulio na tanga jeusi. Uliopo ukutani kwangu ni wenye jeusi.

Bandua tepu mchoro ukiwa mkavu, ukiivuta kwa mshazari kuelekea nje. Weka jina lako kwenye kona ya kushoto, juu ya jabali, kwa kijivu kilichobaki sahanini. Nyuma andika kwa penseli tarehe na misimbo ya rangi ulizotumia. Ukiuweka kwenye fremu yenye kioo, acha nafasi kwa kipande cha kadibodi ili kioo kisiguse karatasi. Unyevunyevu wa pwani huingia hapo na kuotesha ukungu. Uutundike ukuta usiopigwa na jua.